Shule ile ya kampuni inatoka mfuko gani?

Ukitoka Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kuelekea miji ya migodi ya Likasi na Kolwezi, kandokando ya barabara utaona vibao vingi: hapa shule, pale kituo cha afya, mbele kidogo pampu ya maji, na juu ya kila kibao jina la kampuni na neno "zawadi". Kibao hakisemi pesa zilitoka mfuko gani. Wakaazi wengi hawaulizi, na wanaouliza hujibiwa kwa maneno ya jumla kuhusu "social". Kumbe kampuni kubwa inayofungua mgodi ina madeni yasiyopungua matano kwa watu inaowakuta mahali pale, na kila deni lina hesabu yake, mpokeaji wake na ofisi yake ya kulalamikia. Anayeyachanganya hulipwa mara moja kwa vitu vitatu.

Kwanza tukumbuke mazoea haya ya zawadi yalikotoka. Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, iliundwa mwaka 1906, na mali zake zikataifishwa mwishoni mwa 1966 hadi tukapata Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kwa vizazi vitatu kampuni hiyo ilikuwa ndiyo serikali: ilijenga kambi, ikaendesha shule na hospitali, ikagawa posho ya unga na samaki kila mwezi. Mfanyakazi hakuhitaji kujua tofauti kati ya mshahara, haki na hisani, maana vyote vilitoka dirisha moja. Gécamines ilipoanguka miaka ya 1990, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka kwa mpango wa "départ volontaire", kuondoka kwa hiari, mwaka 2003, dirisha likafungwa, mazoea yakabaki. Kampuni za kibinafsi zilizoingia chini ya Sheria ya Madini ya Julai 2002 zilikuta watu waliozoea kuomba, na sheria yenyewe haikuzipa majukumu ya kijamii yenye namba. Namba ziliandikwa katika marekebisho ya tarehe 9 Machi 2018.

Tuanze na deni kubwa kuliko yote, ambalo kijijini halionekani: mrabaha wa madini, ule ofisini wanaita redevance. Shaba hutozwa 3,5% ya thamani ghafi ya biashara. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati Novemba 2018, kwa hiyo hutozwa 10%. Pesa hizo hugawanywa hivi: 50% serikali kuu, 25% mkoa, 15% eneo lenye utawala wake ambamo mgodi unachimbwa (sekta, cheferi, komini au mji), na 10% mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Deni la pili ni dotasyo ya 0,3%, fungu la miradi ya maendeleo ya jamii zinazoathirika na mgodi, kifungu cha 258 bis cha Sheria ya Madini. Hii huhesabiwa juu ya mauzo yote ya mwaka, faida isiwe kisingizio. Mgodi uliopata hasara bado unadaiwa. Na 0,3% ni kiwango cha chini. Sheria haikatazi kutoa zaidi, ingawa kwa vitendo wengi husimama palepale kwenye alama.

Chukua mgodi wa mfano. Kwa mwaka unauza tani 40,000 za shaba kwa dola 9,000 tani moja, na tani 3,000 za kobalti kwa dola 20,000. Shaba inaleta milioni 360, kobalti milioni 60, jumla milioni 420. Dotasyo ni dola milioni 1,26. Mrabaha ni milioni 12,6 za shaba na milioni 6 za kobalti, jumla milioni 18,6, na sehemu ya sekta au cheferi, ile 15%, ni milioni 2,79. Maana yake eneo linapata kwa njia ya mrabaha zaidi ya mara mbili ya kile kinachopita kwa dotasyo. Hata hivyo makelele yote kijijini ni juu ya 0,3%, kwa sababu ndiyo yenye kamati na kibao, huku 15% ikiingia kimya kwenye akaunti ya utawala na kutoka kimya. Chifu wa sekta anaweza kusimama mkutanoni akailaumu kampuni kwa ukosefu wa darasa, ilhali akaunti ya ofisi yake imepokea fedha za kujenga mengi. Pesa hizo zinapita katika bajeti ya eneo, na bajeti ni hati ya umma. Ripoti za ITIE, mpango wa uwazi ambao Kongo imo tangu 2005, huchapisha malipo ya kampuni moja moja. Ukilinganisha karatasi hizo mbili utajua mengi kuliko utakayoyasikia katika vikao kumi vya hadhara.

Mahali dotasyo inapovujia kwanza ni kabla haijahesabiwa. Msingi wake ni mauzo, na mauzo ni kile kampuni ilichoandika kwenye ankara. Kampuni inayouzia dada yake wa Uswisi au Hong Kong kwa bei iliyopunguzwa 10% imepunguza dotasyo kwa 10% pia, bila kuvunja kifungu hata kimoja kinachoonekana kijijini. Ndiyo maana swali la kwanza la kamati lisiwe "mtatujengea nini" ila "mauzo ya mwaka jana yalikuwa kiasi gani, na tani ngapi zilitoka". Tani unaweza kuzifananisha na takwimu za kitengo cha madini cha mkoa, bei na zile za soko la metali la London. Tofauti ndogo ina maelezo yake, kama vile ubora wa bidhaa au gharama za kusafisha hidroksidi ya kobalti. Ile kubwa inadai maelezo kwa maandishi.

Uvujaji wa pili uko katika kuchagua nani "ameathirika moja kwa moja". Orodha ya vijiji hutoka kwenye utafiti wa athari kwa mazingira na jamii, ule uliofanywa kabla ya kuchimba. Kijiji kisichotajwa pale kitahangaika miaka mingi kuingia, hata kama vumbi la malori linakifikia kila siku. Kwa hiyo kikao chenye maana kubwa kuliko vyote ni kile cha mwanzo kabisa, mashauriano ya utafiti, ambacho watu hukidharau kwa sababu hakigawi kitu zaidi ya soda. Jina la kijiji na la kila kitongoji liingie kwenye kumbukumbu za kikao, limeandikwa vizuri, na nakala ichukuliwe siku hiyohiyo.

Uvujaji wa tatu ni wa saini. Dotasyo inasimamiwa na chombo maalumu chenye wawakilishi wa kampuni na wa jamii, na pesa za mwaka mmoja zinapaswa kuwekwa mikononi mwa jamii kabla mwaka wa hesabu unaofuata haujafungwa. Lakini wawakilishi wa jamii wakichaguliwa na chifu peke yake, au wakilipwa "usafiri" na kampuni yenyewe, chombo kinakuwa mhuri. Tenda zinakwenda kwa wajenzi wale wale, na bei ya mfuko wa sementi katika makadirio haifanani na ya soko la Kenya, lile la Lubumbashi. Hapo hata mhandisi hahitajiki: mtu mmoja wa kamati aende sokoni aulize bei ya sementi, bati, mbao na chuma namba 12, airudishe kwenye kikao.

Deni la tatu ni daftari la majukumu, hilo kila mtu analiita cahier des charges. Ni mkataba wa miaka 5 kati ya kampuni na jamii, unaojadiliwa kabla uchimbaji haujaanza, na kusimamiwa na kamati ya ufuatiliaji ya mahali. Sheria imeuweka mbali na dotasyo, kwa vifungu tofauti. Mchezo wa kawaida, na huu ndio unaoudhi zaidi, ni kujenga shule moja, kuiandika kwenye ripoti ya daftari, kisha kuiandika tena kwenye ripoti ya 0,3%, na kuipiga picha mara ya tatu kwa kitabu cha kampuni cha "maendeleo endelevu". Dawa yake ni rahisi: kila mradi upewe namba moja na mfuko mmoja tangu siku ya kutiwa saini, na kibao chake kionyeshe namba hiyo.

Ubora wa daftari uko katika sentensi zake. Soma hii: "Kampuni itaunga mkono sekta ya afya katika eneo la mradi." Hakuna mahakama itakayoweza kuidai. Sasa soma hii: "Kampuni itajenga kituo cha afya chenye vitanda 12, chumba cha kuzalia, friji ya chanjo ya umeme wa jua na nyumba mbili za wauguzi, kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka wa pili, itanunua dawa za miezi 12 ya kwanza, itakabidhi kituo kwa ukanda wa afya mbele ya daktari mkuu wa ukanda, ikichelewa zaidi ya siku 90, kiasi cha makadirio kitawekwa kwenye akaunti ya kamati." Kuna kitu, kipimo, tarehe, mpokeaji na matokeo ya kuchelewa. Wanasheria wa kampuni wataandika ya kwanza, maana ndiyo kazi yao. Ya pili lazima iletwe na jamii ikiwa imeandikwa tayari, kwa Kifaransa cha ofisi, siku ya kwanza ya mazungumzo.

Baada ya kujenga, je, kitu kinafanya kazi? Tuangalie pampu ya maji kwa karibu, kwa sababu ndiyo zawadi inayopendwa zaidi na inayokufa haraka zaidi.

Katika Katanga mvua hunyesha kuanzia karibu Novemba mpaka Aprili. Kampuni inayotaka kufunga ripoti yake huchimba kisima Machi au Aprili, maji ya ardhini yakiwa juu. Fundi anapiga pampu saa mbili, maji yanatoka meupe, picha zinapigwa. Ikifika Septemba na Oktoba maji yameshuka, bomba linavuta hewa, na akina mama wamerudi mtoni. Kosa limefanyika mara mbili: msimu usiofaa na jaribio fupi mno. Kisima kichimbwe mwishoni mwa kiangazi, na pampu ya majaribio ifanye kazi saa 24 mfululizo huku kina cha maji kikipimwa na kuandikwa. Pampu ya mkono ya aina ya India Mark II, inayoonekana sana huku, kwa kawaida haifai maji yakiwa kwenye kina cha zaidi ya mita 45 hivi. Zaidi ya hapo unahitaji pampu ya kina kirefu au ya umeme wa jua. Pampu moja ya mkono inatosha watu 500 hivi, kwa hiyo kijiji cha watu 3,000 kilichopewa pampu mbili kimepewa foleni.

Halafu vipuri. Vinavyoisha kwanza ni vikombe vya mpira ndani ya silinda, kisha fimbo na viungo vya bomba. Ni vitu vya bei ndogo, lakini bila seti ya vipuri, vyombo vya kufungulia na mafundi wawili waliofundishwa, pampu inalala kwa ajili ya kipande kinachoingia mfukoni. Na karibu na bwawa la taka za mgodi, karatasi ya maabara ni lazima. Shirika la Afya Duniani linaweka mwongozo wa shaba miligramu 2 kwa lita na urani miligramu 0,03 kwa lita, na madini ya huku yana tabia ya kutembea na urani. Dai kipimo kabla ya kukabidhiwa, kisha kila mwaka, na sampuli ichukuliwe mbele ya mtu wa kamati.

Shule ina ugonjwa wake. Kuta si tatizo kubwa. Walimu ndio tatizo. Shule mpya inahitaji hati ya serikali ya kuitambua, na walimu wake waingizwe kwenye orodha ya mishahara ya taifa. Bila hivyo ni walimu wasiolipwa, na wazazi wanachanga, ingawa shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka wa masomo wa 2019. Kwa hiyo katika daftari, ombi la kutambuliwa liwasilishwe kabla ya tofali la kwanza. Pengine ni busara zaidi kuongeza madarasa kwenye shule inayotambuliwa tayari kuliko kujenga mpya yenye jina la kampuni. Lakini hapo kibao kinakuwa kidogo, na kampuni hazipendi vibao vidogo.

Deni la nne ni fidia ya ardhi, nyumba na mazao, na humu ndimo watu wanaumia kweli. Sheria ya Madini, kifungu cha 281, inasema anayenyimwa matumizi ya ardhi alipwe kodi ya pango au thamani ya ardhi wakati wa kuchukuliwa, ikiongezwa nusu. Ardhi ya dola 1,000 inalipwa 1,500. Hiyo nusu husahauliwa mno, au inaingizwa kimyakimya ndani ya bei iliyoshushwa kwanza. Omba uone thamani na nyongeza kwenye mistari miwili tofauti. Ugumu mwingine ni hati: sheria ya ardhi ya 1973 iliahidi amri ya rais kuhusu ardhi za kimila, na miongo ikapita bila amri hiyo kutoka, hivyo mkulima anayelima shamba la babu yake huambiwa hana karatasi. Vigezo vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni za kibinafsi, vinavyozibana kampuni zinazokopa kwa wakopeshaji wanaovifuata, vinasema asiye na hati naye alipwe nyumba na mazao yake ikiwa alikuwepo kabla ya tarehe ya mwisho ya kuhesabu watu.

Nyumba ilipwe kwa gharama kamili ya kuijenga upya, bila kukata uchakavu. Tofali la miaka 20 haliuzwi, lakini atakayejenga tena atanunua jipya. Mwembe ni mfano mwingine. Karani anahesabu mavuno ya mwaka mmoja na kuandika bei. Mwembe uliopandwa kwa kokwa utachukua miaka 6 au zaidi kuzaa. Wa kupandikiza, miaka 3 hadi 4. Kama mti unaingiza faranga 30,000 kwa mwaka, hasara ya miaka 6 ni 180,000, juu yake mche na kazi ya kuutunza. Mihogo ikae kwenye orodha kwa umri wake, sio kama "shamba la mihogo" tu: ya miezi minne na ya miezi kumi na minne hazifanani.

Tena kuna kalenda. Familia ikihamishwa Oktoba, wakati watu wanatayarisha mashamba, na shamba jipya likapatikana Januari, mwaka mzima wa mahindi umekwenda. Fidia ya mazao yaliyokuwa shambani haifidii msimu ambao haukulimwa. Wakati salama ni Juni hadi Agosti, baada ya kuvuna, na ardhi mpya iwe imeshapimwa na kukabidhiwa. Malipo ya taslimu mkononi mwa baba peke yake tunajua yanavyoisha. Saini za mume na mke kwenye hati moja zinapunguza hatari.

Deni la tano, malipo ya uharibifu, tulitaje kwa ufupi. Asidi ikimwagika mtoni au vumbi likiua mazao, marekebisho ya 2018 yanamdai mwenye mgodi alipe hata bila kosa wala uzembe kuthibitishwa. Kinachobaki kuthibitishwa ni kwamba madhara yalitoka kwake. Chupa ya maji iliyochotwa saa ileile, mbele ya mashahidi, ina uzito kuliko barua kumi za baadaye.

Nje ya migodi mambo hubadilika, maana Sheria ya Madini haifiki huko. Bwawa au barabara hutawaliwa na sheria ya kunyang'anya mali kwa manufaa ya umma ya tarehe 22 Februari 1977, sheria ya mazingira ya 2011, na masharti ya mkopeshaji. Hakuna 0,3% ya barabara. Ukiidai utachekwa, na madai yako mengine yatachekwa pamoja nayo. Vilevile mradi wa Sicomines wa 2008, ule wa "madini kwa barabara", ni mkataba kati ya serikali na wawekezaji. Barabara zake ni malipo ya shaba ya taifa. Ukaguzi wa IGF, wakaguzi wa fedha za serikali, wa Februari 2023 ulionyesha kwamba katika dola bilioni 3 zilizoahidiwa kwa miundombinu, milioni 822 tu ndizo zilizotumika, na mwaka 2024 ahadi ikapandishwa hadi bilioni 7. Nayo barabara ya kulipia ya Kasumbalesa inalipwa na anayepita. Isiwekwe kwenye hesabu ya ukarimu wa yeyote.

Mfano wa zamani unafundisha jinsi ya kuchagua madai. Njia ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, kama kilomita 1,700 kwa volti 500,000, ilikamilika mwaka 1982 na imepita juu ya vijiji visivyo na taa hadi leo. Wengi wanadhani ni roho mbaya ya SNEL, kampuni ya umeme ya serikali. Ukweli ni kwamba umeme ule ni wa mkondo mnyoofu (DC), na huwezi kuutoa katikati ya njia bila kituo cha kuubadilisha, ambacho kinagharimu kuliko kijiji kizima. Kudai "tuungwe kwenye waya huu" ni kudai kisichowezekana. Kilichowezekana, na kingepaswa kuandikwa tangu mwanzo, ni mtambo mdogo wa jua au wa maji kwa kila kijiji kilichotoa ardhi ya nguzo.

Masharti ya mkopeshaji, kwa upande wake, yana meno yakitumiwa. Mwaka 2017 wakaazi wa barabara ya Bukavu hadi Goma walipeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia kuhusu mali zilizopotea, ukatili wa kijinsia na matumizi ya wanajeshi katika ulinzi wa kazi. Novemba mwaka huohuo Benki ilisimamisha malipo ya ujenzi. Walimtafuta aliyeshika pesa. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya mradi wowote usio wa madini ni: nani anakopesha? Jibu likiwa Benki ya Dunia au benki nyingine ya maendeleo, kwa kawaida kuna ofisi ya malalamiko. Likiwa ni mkopo wa kibiashara usio na ofisi hiyo, zimebaki sheria za nchi na mahakama, na mkakati ubadilike mapema.

Wapimaji wakifika na rangi nyekundu ya kuwekea alama, kazi ya siku hiyo ni hii: kila nyumba na kila shamba lipigwe picha kwa simu iliyowashwa mahali na tarehe; miti ihesabiwe kwa aina na umri; mwenye shamba asimame ndani ya picha. Asisaini fomu yenye nafasi tupu, na asisaini kwa niaba ya jirani. Aombe tarehe ya mwisho ya kuhesabu itangazwe kwa maandishi. Nakala moja ibaki nyumbani, moja kwa kamati, moja parokiani au kwa mwanasheria wa mjini, kwa sababu ofisi ya sekta huhama, na makabati yake hayahami nayo kila mara.